Kukombolewa Bure, Kutumika kwa Upendo: Imani na Matendo Mema katika Historia ya Mkunazini na Mbweni

Mwanafunzi mmoja wa chuo chetu cha theolojia aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu palepale. Tulikuwa Unguja, ndani ya Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, Mji Mkongwe. Mwongozaji alikuwa ametuonyesha alama ya mviringo ya marumaru sakafuni mbele ya madhabahu, akatueleza kuwa ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa kabla ya kunadiwa. Wenzake walipoanza kutoka nje, yule kijana alibaki. Akasema, "Mchungaji, wewe unatufundisha kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, si kwa matendo. Sasa hawa waliohangaika kujenga hapa, wakafa kwa homa, walikuwa wanatafuta nini?"

Ni swali la haki. Sisi Walutheri tumelelewa na fundisho hili tangu kipaimara. Tunalijua kwa moyo, na pengine ndiyo sababu hatulisikii tena. Katika insha hii nataka kulijibu swali la mwanafunzi wangu kwa njia ya historia ya mahali alipoliulizia. Nimekuja kuamini kwamba kisiwa cha Unguja kinaweza kutufundisha jambo kuhusu Warumi 3 na Yakobo 2 ambalo vitabu vyetu vya darasani hulipita haraka.

Soko linafungwa, kanisa linajengwa

Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo wengi tunaijua kwa herufi za UMCA, ilianza kutokana na wito alioutoa David Livingstone mjini Cambridge mwaka 1857. Kundi la kwanza, chini ya Askofu Charles Mackenzie, lilikwenda Magomero, katika nchi ambayo leo ni Malawi. Mackenzie alifariki mwaka 1862, na wenzake kadhaa wakafa pia. Mrithi wake, Askofu William Tozer, aliamua kuhamishia misheni Zanzibar, akafika mwaka 1864 pamoja na Edward Steere. Muda si mrefu Sultani Majid alimkabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa lililokamatwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni ile. Mmoja wao, aliyeitwa baadaye John Swedi, alipewa daraja la ushemasi mwaka 1879.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akibanwa na serikali ya Uingereza, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko ya hadhara. Soko la Mkunazini likafungwa. Mmisionari Arthur West alinunua sehemu ya kiwanja kile kwa ajili ya misheni, na sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindu, Jairam Senji. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka uleule jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Steere, ambaye alikuwa askofu kuanzia 1874, alisimamia ujenzi mwenyewe, pamoja na lile paa la kuba lililomiminwa kwa saruji iliyochanganywa na mawe ya matumbawe, ambalo wengi walidhani litaanguka. Halikuanguka. Yeye alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Waongozaji hupenda pia kuwaonyesha wageni nguzo chache karibu na mlango ambazo, kama inavyosimuliwa, mafundi walizisimamisha kichwa chini. Wageni hucheka. Mimi nazitazama kwa namna nyingine, nami nitazirudia.

Njia nne za kutoka utumwani

Ili tuelewe wokovu wa bure, tuangalie kwanza jinsi mtumwa wa Unguja wa karne ya 19 alivyoweza kuwa huru. Mtume Paulo alipotumia maneno kama ukombozi, fidia na kununuliwa kwa thamani (1 Wakorintho 7:22-23), wasikilizaji wake waliyajua kutoka sokoni. Vivyo hivyo neno letu la Kiswahili "kukomboa" ni neno la mali iliyowekwa rehani na la mtu aliyetekwa. Aliyelisikia Unguja miaka ile hakuhitaji mahubiri marefu kulielewa.

Njia ya kwanza ilikuwa kujinunua. Sheria ya Kiislamu ilimruhusu mtumwa kuandikiana na bwana wake na kulipa thamani yake kidogo kidogo. Mjini walikuwapo watumwa waliotumwa kufanya kazi za kutwa kwa watu wengine na kumpelekea bwana sehemu ya ujira. Neno "kibarua" lina asili yake katika barua ndogo waliyopewa watu wa namna hii. Mtu angeweza kubeba mizigo forodhani miaka mingi akijiwekea akiba ili siku moja ajilipie mwenyewe.

Njia ya pili ilikuwa kuachwa huru na bwana kwa ajili ya Mungu. Dini ya Kiislamu inalisifu sana tendo hili, na lilikuwa pia kafara ya makosa fulani. Mabwana wengine waliwaacha huru watumwa wao walipokaribia kufa. Hapa mtumwa hakulipa kitu. Thawabu ilitazamiwa na yule aliyeacha.

Njia ya tatu ni ile ya wale watoto watano wa mwaka 1864 na wengi waliowafuata. Mtoto aliyekuwa amelala chini ya jahazi, amebanwa kati ya wenzake, hana nguvu, haijui lugha ya mabaharia, ghafla anasikia makelele juu. Merikebu ya kivita imelisimamisha jahazi. Anatolewa, anapelekwa pwani, anaambiwa kuwa yu huru. Hakuomba, maana hakujua kuwa kuna wa kumwomba. Hakulipa, maana hakuwa na kitu. Hata hakuchagua. Kazi yote ilifanywa nje yake na kwa ajili yake, naye akalisikia neno tu: wewe si mtumwa tena. Lililobaki ni kuliamini neno lile. Na kuliamini hakukuwa rahisi, kwa sababu mtoto aliyekwisha kuuzwa mara mbili au tatu alikuwa na kila sababu ya kudhani kwamba amepata bwana mwingine tu.

Njia ya nne ilikuja mwaka 1897. Tarehe 6 Aprili Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria Unguja na Pemba. Lakini tuisome amri ile kwa makini. Mtumwa hakuwa huru siku ile moja kwa moja. Ilimpasa aende mahakamani kuomba. Akishakubaliwa, alitakiwa aonyeshe kuwa ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa kuwa mzururaji. Masuria hawakuhusishwa katika haki hii kama wengine mpaka sheria ya mwaka 1909. Na fidia ililipwa kwa mabwana kwa kupoteza watumwa wao. Aliyefanya kazi miaka 30 shambani bila ujira hakulipwa chochote.

Msomaji atakuwa ameona ninakoelekea. Wakristo wengi tunaishi kwa njia ya kwanza au ya nne. Wapo wanaojinunua kwa Mungu kidogo kidogo, kwa sadaka, kwa mifungo, kwa kuhudhuria vipindi, wakiwa hawajui deni limebaki kiasi gani. Wapo wanaokubali kwamba neema imetangazwa, lakini wanadhani ni lazima kwanza waonyeshe makazi na njia ya kujikimu: niache kwanza pombe, nifunge kwanza ndoa, nitengeneze kwanza maisha, ndipo nije mbele za Mungu. Injili ni habari ya njia ya tatu. Martin Luther alipogombana na vyeti vya msamaha mwaka 1517, alichokipinga ni mtu maskini kuambiwa aweke fedha kwenye sanduku kwa ajili ya jambo ambalo Kristo amekwisha kulilipia. Katika tafsiri yake ya Agano Jipya ya mwaka 1522 aliongeza neno "peke yake" kwenye Warumi 3:28. Alilaumiwa kwa sababu neno lile halimo katika Kiyunani; alijibu kuwa maana ya Paulo inalidai.

Mfano huu una mipaka yake, na mwalimu wa historia hana budi kuitaja. Jeshi la majini la Uingereza si Yesu Kristo. Serikali iliyozisimamisha jahazi ilikuwa na faida zake katika bahari hii, na mwaka 1890 ikaichukua Zanzibar chini ya himaya yake. Wala tusiisimulie habari ya Mkunazini kana kwamba utumwa ulikuwa dhambi ya Waislamu na uhuru ni sifa ya Wakristo. Wafaransa waliolima miwa Mauritius na Réunion walikuwa wamebatizwa, nao walinunua watu kutoka Kilwa na Zanzibar. Kiwanja cha kanisa lenyewe, kama tulivyoona, kilipatikana kwa sehemu kwa mkono wa Mhindu. Paulo anauliza katika Warumi 3:27 kujisifu kuko wapi, na anajibu kuwa kumefungiwa nje. Nje ya kanisa la Mkunazini pia.

Mbweni: baada ya kuwekwa huru, nini?

Sasa tumsikilize Yakobo. Luther hakuupenda waraka wake, na wanafunzi wangu hufurahi wanapogundua kuwa mahali pekee katika Biblia panapoyaweka pamoja maneno "imani" na "peke yake" ni Yakobo 2:24, na pale Yakobo anasema kuwa haitoshi. Je, Paulo na Yakobo wanapingana? Twende Mbweni tukaone.

Mbweni iko kusini ya mji, kando ya bahari. Misheni ilinunua shamba pale mwaka 1871, na baada ya mkataba wa 1873 palikuwa kijiji cha watu waliookolewa majahazini. Walipewa viwanja vya kujenga na kulima. Kanisa la Mtakatifu Yohana lilijengwa, likawekwa wakfu mwaka 1882. Caroline Thackeray alifika mwaka 1877 kuongoza shule ya wasichana, akabaki Mbweni mpaka alipofariki mwaka 1926. Kiungani, karibu na mji, palikuwa na chuo cha wavulana na mtambo wa uchapaji, ambapo vijana waliokuwa bidhaa juzi walipanga herufi za vitabu vya Kiswahili.

Fikiri hali ya mtu wa Mbweni siku ya pili baada ya kuambiwa yu huru. Uhuru wake ni kamili. Hakuna tendo atakalofanya litakaloongeza uhuru ule wala la kuupunguza. Hata hivyo kuna swali moja halikwepeki: ataishije? Akibaki amelala kizingitini akisubiri bwana amwamuru, uhuru wake ni wa kweli kwenye karatasi, lakini hauonekani popote. Imani ya namna hiyo ndiyo Yakobo anaiita maiti (Yakobo 2:26). Yakobo hasemi kwamba mtu ajinunue tena. Anauliza kama yule aliyekombolewa amesikia kweli kwamba amekombolewa. Paulo anaeleza jinsi mtu anavyotoka jahazini, na Yakobo anaeleza anavyoishi kijijini. Tena Paulo mwenyewe anayaunganisha yote mawili katika Waefeso 2:8-10: tumeokolewa kwa neema, si kwa matendo, na tumeumbwa katika Kristo ili tutende matendo mema.

Historia inatuonyesha tunda lenyewe. Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la watu wa Mbweni kuvuka bara kuelekea Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walitoka. Walifika Masasi, wakapenda kukaa pale, na kijiji cha Kikristo kikaanzishwa na watu waliokuwa wamepita njia ileile wakiwa na minyororo shingoni. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, alisoma Kiungani na baadaye Canterbury, Uingereza. Mwaka 1890 alipadrishwa, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile kupewa upadre, na alitumika miaka mingi Chitangali, katika nchi ya kusini. Hakuna aliyeweza kumwambia Majaliwa kwamba huduma yake ndiyo ilimpatia uhuru. Uhuru alikuwa nao tayari. Alirudi kusini kwa sababu wapo wengine ambao hawakuwa wamesikia.

Hili ndilo jibu la kwanza kwa mwanafunzi wangu. Mtu aliyeokolewa bure hafanyi kazi ili apate. Anafanya kwa sababu amepata, na kwa sababu jirani anahitaji. Mungu hahitaji matendo yetu mema. Jirani anayahitaji. Luther aliliandikia jambo hili kitabu kizima mwaka 1520, juu ya uhuru wa Mkristo, na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 likalitolea vifungu vyake vya 6 na 20, mara baada ya watu kutusingizia kuwa tunakataza matendo mema.

Lakini tusipake Mbweni chokaa. Kijiji kile kilikuwa na kanuni za misheni, na mwenye ardhi alikuwa misheni. Walioitwa huru walipangiwa kazi, ndoa na malezi na wageni walioamini kuwa wanawajua kuliko wanavyojijua. Wasichana waliodhaniwa kuwa na akili walifundishwa ualimu, na wengine wakafundishwa kazi za mikono. Wamisionari wale waliimba neema, na mara nyingi waliitekeleza kwa mtindo wa amri ya 1897: wewe ni huru, mradi uonyeshe mwenendo. Ndipo ninapozikumbuka zile nguzo za kichwa chini. Fundi alikosea, na nguzo zimebeba paa mpaka leo. Matendo mema ya watu wa Mungu ni kama nguzo zile. Mengi yamesimama yamepinduka, na Mungu kwa rehema yake anayatumia. Kama wokovu wetu ungetegemea unyoofu wa nguzo, paa lingekwisha kutuangukia.

Askofu Weston na Kristo wa barabarani

Mtu mwingine wa Unguja anayetusaidia ni Frank Weston, aliyekuwa askofu wa Zanzibar kuanzia 1908 mpaka kifo chake mwaka 1924. Kabla ya hapo aliongoza chuo cha Kiungani. Weston hakuwa rafiki wa Waprotestanti. Mwaka 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walipokutana Kikuyu, Kenya, kutafuta ushirikiano, yeye aliwashitaki maaskofu wenzake wawili wa Kianglikana kwa kushiriki. Ningekuwa mchungaji wakati ule, asingenikaribisha mezani pa Bwana.

Hata hivyo nawaagiza wanafunzi wangu wamsome. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikusanya kikosi cha wapagazi kutoka Zanzibar na kwenda nao bara mwenyewe, badala ya kuwaacha wakapotee mikononi mwa wengine. Vita ilipokwisha, serikali ya kikoloni ya Afrika Mashariki ikawa inawalazimisha Waafrika kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Mwaka 1920 Weston alichapisha kijitabu kuishitaki serikali ya nchi yake kuwa imerudisha utumwa kwa jina jingine. Na mwaka 1923, katika kongamano la Waanglikana wenzake mjini London, watu waliopenda sana uvumba na heshima za madhabahuni, aliwaambia kuwa hawawezi kumwabudu Yesu katika sakramenti huku wakimpita Yesu huyohuyo katika vibanda vya maskini.

Alisema jambo ambalo Walutheri tunapaswa kulisikia kwa masikio yetu wenyewe. Mtu anaweza kujificha ndani ya ibada nzuri, na mtu anaweza vilevile kujificha ndani ya fundisho sahihi. Askofu wa Mkunazini aliadhimisha Ekaramisti mahali palipokuwa na mti wa kuchapia watu. Hakuweza kupiga magoti pale asikumbuke migongo iliyochanika. Mathayo 25:31-46 alisimama juu yake kila asubuhi.

Sisi wa leo

Majeraha kati ya makanisa juu ya fundisho hili yameanza kupona. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi Tamko la Pamoja juu ya Kuhesabiwa Haki, wakikiri kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika Kristo, na kwamba Roho huyohuyo hututia nguvu kutenda mema. Wamethodisti waliungana nalo mwaka 2006. Mwaka 2016 Baraza la Ushauri la Waanglikana, lilipokutana Lusaka, Zambia, lilikubali kiini chake. Kwa hiyo leo mchungaji wa Kilutheri akisimama Mkunazini hasimami kwa wapinzani.

Kabla ya hapo, mwaka 1977, ng'ambo ya mlango huuhuu wa bahari, Shirikisho la Kilutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam na kumchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake. Mkutano ule ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la imani yenyewe. Kanisa haliwezi kukiri Kristo mmoja mezani na kuwatenga watu kwa rangi mlangoni. Hapo Walutheri wa dunia nzima walisema kwa pamoja kile alichokisema Yakobo, bila kumwacha Paulo.

Na Wakristo wa Unguja leo ni wachache kati ya majirani Waislamu. Jirani hasomi Ungamo la Augsburg. Anasoma jinsi tunavyouza dukani, tunavyomlipa msichana wa kazi, tunavyokwenda msibani kwake. Yule msichana wa kazi ni mtihani mkubwa. Wengi wetu tunaoimba juu ya ukombozi tuna majumbani mwetu binti aliyeletwa kutoka kijijini, anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na mshahara wake unategemea hisia zetu. Nimelikuta jambo hili katika nyumba za wazee wa kanisa, na nimewahi kulikuta katika nyumba yangu. Siku ile sikuwa na fundisho la kujitetea. Nililipa malimbikizo, nikaomba radhi. Sikulipa ili nisamehewe. Yule binti alikuwa anadai.

Mwanafunzi wangu alipata jibu lake wiki chache baadaye, darasani. Nilimwambia kuwa sijui mioyo ya waliojenga pale. Pengine wengine walitafuta thawabu. Lakini nje ya kanisa lile, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watumwa watano, kazi ya msanii wa Sweden Clara Sörnäs, na shingoni wana mnyororo. Mtu aliyetolewa shimoni haulizi ajenge nini ili atolewe. Anauliza ni nani amebaki mle ndani.

Basi ndugu msomaji, simama katika uhuru ule aliokuandikia Kristo (Wagalatia 5:1), usijinunue mara ya pili, na kwa uhuru huohuo ukamtumikie jirani yako kwa upendo (Wagalatia 5:13). Amina.